Maluach yuko benchi, na tusimhukumu mapema

Tangu ligi ya NBA ya Marekani ianze msimu mpya Oktoba 2025, vijana wengi wanaofuatilia mpira wa kikapu kwa simu wamekuwa wakiuliza swali moja: mbona Maluach hachezi? Asubuhi wanafungua matokeo ya Phoenix Suns, wanatafuta jina lake, na mara nyingi wanakuta amecheza dakika chache au hakuingia kabisa. Wapo wanaosema timu inamdharau. Wapo wanaosema hana uwezo, alisifiwa bure.

Jibu fupi ni kwamba kijana wa miaka 19 aliyeingia katika timu inayojijenga upya hapimwi kwa dakika za msimu wa kwanza. Jibu refu linataka tueleze timu yake ilifikaje hapo ilipo, timu nyingine zilizoanguka ziliwatunzaje wachezaji wao wapya, na jambo hili linatuhusu vipi sisi tunaoishi makambini, kwenye makazi ya wakimbizi na katika vijiji vinavyotupokea.

Kijana wa Kawempe

Khaman Maluach alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, Septemba 2006. Akiwa mtoto mdogo alikimbilia Uganda na familia yake, akakulia Kawempe, jijini Kampala. Kama watoto wengi wa huko, alianza na mpira wa miguu. Kikapu alikianza akiwa na miaka kama 13, umri ambao wenzake wa Marekani wameshacheza miaka saba au nane. Alitembea kwa miguu karibu saa nzima kufika uwanjani, na siku za mwanzo alicheza na makubazi ya Crocs kwa sababu viatu vya saizi yake havikupatikana.

Kutoka hapo mambo yalikwenda haraka. Alichukuliwa na chuo cha NBA cha Afrika kilichoko Saly, Senegal, ambako vijana husoma darasani na kufanya mazoezi. Akiwa na miaka 16 alikuwa katika kikosi cha Sudan Kusini kwenye Kombe la Dunia la 2023. Akiwa na miaka 17 alishiriki Olimpiki ya Paris 2024. Mwaka uliofuata alichezea Chuo Kikuu cha Duke, kilichofika nusu fainali ya vyuo vya Marekani. Juni 25, 2025, katika uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya, ambao wenyewe wanauita drafti, alichaguliwa wa 10. Alipohojiwa usiku ule alitokwa na machozi.

Hesabu miaka hiyo vizuri. Kutoka kugusa mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza hadi kuteuliwa NBA ni miaka kama sita tu. Maana yake ni kwamba ana urefu wa zaidi ya mita 2.1, ana mikono mirefu na moyo wa kujituma, lakini bado anajifunza mambo ambayo mwenzake aliyeanza na miaka mitano anayafanya bila kufikiri.

Timu iliyouza shamba

Sasa tuiangalie timu aliyoingia. Mwaka 2021 Suns walifika fainali ya NBA wakafungwa na Milwaukee Bucks kwa mechi 4 dhidi ya 2. Hawajawahi kuchukua ubingwa tangu klabu ianzishwe, na mmiliki mpya alipoingia mwaka 2023 hakutaka kusubiri. Februari mwaka huo walimchukua Kevin Durant, mmoja wa wafungaji wakubwa wa zama hizi. Ili kumpata walitoa wachezaji muhimu pamoja na haki zao nne za kuchagua katika raundi ya kwanza ya drafti, kuanzia 2023 hadi 2029. Miezi michache baadaye wakamleta Bradley Beal, ambaye mkataba wake ulikuwa mnono sana.

Kwenye karatasi timu ilikuwa ya kutisha. Uwanjani haikuwa hivyo. Msimu wa 2024/25 Suns walitumia fedha nyingi kwa mishahara kuliko timu nyingine yoyote ya ligi, lakini walishinda mechi 36 na kupoteza 46. Hawakufika hata hatua ya mchujo. Kocha alifukuzwa, na alikuwa wa pili kufukuzwa katika miaka miwili.

Kiangazi cha 2025 wakaamua kubomoa. Durant alipelekwa Houston. Beal walikubaliana naye kuvunja mkataba akaenda Los Angeles Clippers, na malipo yake yataendelea kuhesabiwa katika vitabu vya Suns kwa miaka mitano. Aliyebaki ni Devin Booker, ambaye yuko hapo tangu 2015. Kocha mpya, Jordan Ott, hajawahi kuwa kocha mkuu wa timu ya NBA kabla ya hapo.

Kutoka Houston walipata Jalen Green, Dillon Brooks na haki ya kuchagua wa 10, ambayo ndiyo iliyomleta Maluach. Hapa kuna jambo la kuchekesha na la kusikitisha. Haki hiyo ya 10 ilikuwa ya Suns wenyewe. Waliitoa mwaka 2023 ili kumpata Durant, ikapita mikononi mwa wengine, kisha wakamtoa Durant ili kuirudisha. Ni kama mtu aliyeuza shamba akanunua ng'ombe, halafu akauza ng'ombe ili akomboe kipande kimoja cha shamba lilelile.

Kwa nini jambo hili linamgusa Maluach? Kwa sababu katika NBA timu dhaifu kwa kawaida hupata faraja: ukipoteza sana, unapata nafasi nzuri zaidi ya kuchagua kijana bora mwaka unaofuata. Suns hawana faraja hiyo. Haki zao za miaka ijayo ziko kwa wengine, kwa hiyo wakipoteza mechi anayefaidika ni jirani. Timu ya namna hiyo inajijenga upya huku ikilazimika kushinda kila inapoweza, na kocha anayelazimika kushinda huwapa dakika wale anaowaamini leo.

Usiku uleule wa drafti Suns walimchukua pia Mark Williams kutoka Charlotte. Naye ni mchezaji wa kati, naye alipitia Duke, ila ana uzoefu wa misimu mitatu. Maluach yuko nyuma yake kwenye foleni. Na timu imeanza msimu kwa kushinda zaidi ya wengi walivyotarajia, jambo linalompunguzia kocha sababu ya kubadili mpango.

San Antonio walipoteza kwa utulivu

Kuna njia nyingine ya kujijenga upya, na mfano wake mzuri ni San Antonio Spurs. Timu hii ilichukua ubingwa mara tano kati ya 1999 na 2014, na ilifika hatua ya mtoano misimu 22 mfululizo hadi 2019. Kisha ikazeeka. Msimu wa 2022/23 ilishinda mechi 22 na kupoteza 60. Mei 2023 bahati nasibu ya drafti iliwapa nafasi ya kwanza, wakamchagua Victor Wembanyama, Mfaransa ambaye baba yake ana asili ya Kongo.

Wengi walidhani kijana huyo wa mita 2.2 angeigeuza timu mara moja. Matokeo ya msimu wake wa kwanza, 2023/24, yalikuwa yaleyale: ushindi 22, vipigo 60. Novemba na Desemba 2023 walipoteza mechi 18 mfululizo. Ukitazama jedwali tu ungesema hakuna kilichobadilika.

Lakini ukitazama ndani, mengi yalikuwa yanabadilika. Kocha Gregg Popovich alianza msimu kwa kumjaribu Jeremy Sochan kama mchezeshaji, kazi ambayo haikuwa yake, na mpira haukumfikia Wembanyama vizuri. Mwanzoni walimweka Wembanyama pembeni ya mchezaji mwingine mrefu. Desemba wakamhamishia katikati, na baadaye nafasi ya mchezeshaji wakampa Tre Jones ambaye ndiyo kazi yake. Mchezo ukaanza kueleweka. Februari 2024, dhidi ya Toronto, Wembanyama alifunga pointi 27, akachukua ribaundi 14 na kuzuia mitupo 10. Machi alifunga pointi 40 na kuchukua ribaundi 20 katika ushindi dhidi ya New York. Alimaliza msimu na wastani wa pointi 21.4, aliongoza ligi nzima kwa kuzuia mitupo, na akawa mchezaji bora wa msimu wa kwanza bila kura hata moja kumkataa.

Muda wote huo, timu ilimpa wastani wa chini ya dakika 30 kwa mechi, na mara nyingine ilimpumzisha mechi zilipofuatana siku mbili. Mashabiki walilalamika. Viongozi hawakutetereka, wala hawakukimbilia kununua nyota mzee ili kuokoa msimu. Msimu uliofuata walishinda mechi 34, na mchezaji wao mpya, Stephon Castle, akapata tuzo ileile aliyoipata Wembanyama. Mwaka huohuo Wembanyama alisimama kucheza Februari kwa sababu ya damu kuganda begani. Timu iliyomtegemea mtu mmoja ingezama siku hiyo. Spurs walikuwa wameshaanza kujenga watu wengine.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba kupoteza kunalipa daima. Mwaka ule wa 2023 Detroit Pistons ndio waliokuwa wa mwisho kabisa, kwa ushindi 17. Walikuwa na nafasi sawa na Spurs ya kushinda bahati nasibu, asilimia 14, lakini wakaangukia nafasi ya tano. Msimu uliofuata walipoteza mechi 28 mfululizo na kumaliza na ushindi 14 tu. Walinyanyuka msimu wa 2024/25 kwa ushindi 44, baada ya kupata kocha mpya na wachezaji wenye uzoefu wa kuwasaidia vijana wao. Bahati inaweza kukuletea kijana mwenye kipaji, lakini haiwezi kumlea.

Kijana wa Athens

Mfano wa tatu unamkaribia zaidi Maluach. Giannis Antetokounmpo alizaliwa Athens, Ugiriki, kwa wazazi kutoka Nigeria waliokuwa wakiishi bila karatasi. Familia iliuza bidhaa ndogondogo mitaani. Giannis alizaliwa Ugiriki lakini hakuwa na uraia wa nchi yoyote hadi 2013, muda mfupi kabla ya kuteuliwa na Milwaukee Bucks akiwa wa 15.

Msimu wake wa kwanza Bucks walishinda mechi 15 na kupoteza 67, mbaya kuliko timu zote. Yeye alifunga wastani wa pointi 6.8. Hakuna aliyeangalia takwimu hizo na kuona bingwa. Alipewa muda wa kukosea, akajenga mwili, akajifunza kuongoza mpira licha ya urefu wake. Mwaka 2019 na 2020 alikuwa mchezaji bora wa ligi. Mwaka 2021 alichukua ubingwa, na timu aliyoifunga katika fainali ni hao hao Phoenix Suns.

Kutoka pointi 6.8 hadi ubingwa ilimchukua miaka minane. Waswahili walisema papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Hesabu ya dakika

Mechi ya NBA ina dakika 48 na wachezaji watano uwanjani, kwa hiyo kila timu ina dakika 240 za kugawa. Kikosi kina wachezaji wapatao 15. Makocha wengi huwagawia tisa au kumi, na waliobaki hukaa. Kijana anapokaa benchi, kwa hiyo, si lazima awe ameadhibiwa. Mara nyingi foleni ni ndefu tu.

Tusiangalie dakika peke yake. Tuangalie mambo mengine matatu.

La kwanza ni mkataba. Mchezaji aliyeteuliwa raundi ya kwanza analipwa kwa uhakika miaka miwili ya mwanzo. Mwaka wa tatu na wa nne timu ndiyo inayoamua kama inamtaka. Kwa hiyo swali zito kwa Maluach litakuja baada ya msimu huu na ujao, si mwezi huu.

La pili ni timu ya pili. Suns wana timu ndogo iitwayo Valley Suns, iliyoko Tempe karibu na Phoenix. Chipukizi anayepelekwa huko hajashushwa cheo. Anakwenda kucheza dakika nyingi na kukosea mbele ya watu wachache.

La tatu ni vitu ambavyo jedwali halionyeshi: kama amejifunza kujilinda bila kufanya madhambi, kama anawahi kurudi nyuma, kama mwili wake unastahimili kusukumana na watu wazima. Ukimwona akicheza dakika nne, tazama miguu yake kabla ya kutazama pointi.

Kitu kimoja ambacho urefu hauwezi kuzuia

Kuna sehemu ya hadithi hii ambayo wasomaji wetu wataielewa kuliko shabiki wa Phoenix. Aprili 5, 2025, siku ileile Duke walipocheza nusu fainali, serikali ya Marekani ilitangaza kufuta viza zote za watu wenye pasipoti ya Sudan Kusini, kwa sababu ya mvutano kati ya nchi hizo mbili kuhusu kuwapokea watu waliofukuzwa Marekani. Maluach alikuwa na miaka 18, anajulikana nchi nzima, na kwa saa kadhaa watu walijiuliza kama angeruhusiwa kubaki.

Alibaki, na miezi miwili baadaye akateuliwa. Lakini siku ile ilionyesha kwamba hata aliyefika mbali kiasi hicho bado alikuwa amesimama juu ya karatasi. Giannis naye alicheza ujana wake wote bila karatasi. Mwenye kusubiri kadi ya utambulisho, hati ya kusafiria au jibu la kupelekwa nchi ya tatu anajua uzito wake. Kipaji hakiondoi tatizo hilo, na anayemwambia kijana kwamba kitaliondoa anamdanganya.

Na sisi huku?

Turudi nyumbani. Huu ni mwaka ambao mgao umepunguzwa katika kambi na makazi mengi, na familia zinatafuta njia yoyote ya kutoka. Katika hali hiyo mtoto mrefu anaweza kugeuka tegemeo la ukoo. Mjomba anamwambia aache shule afanye mazoezi. Mtu asiyejulikana anapiga simu akisema ni wakala, ana nafasi ya ufadhili ng'ambo, anaomba pesa ya viza au ya vipimo. Baba anauza mbuzi.

Tutazame tena njia aliyopita Maluach kabla ya kufanya hivyo. Palikuwa na uwanja, ingawa ulikuwa mbali. Palikuwa na makocha waliomfundisha akiwa hajui kitu. Palikuwa na chuo kilichomsomesha, na timu ya taifa iliyomchukua akiwa bado mbichi. Hakuna hatua hata moja aliyoruka kwa sababu ya urefu. Na sasa yuko hatua nyingine, ya kukaa benchi na kujifunza.

Kwa wazazi na walezi: anayemtaka mtoto wenu kwa nia njema hataogopa kuja kuwaona, kuonana na uongozi wa kambi au mwenyekiti wa kijiji, na kueleza kwa maandishi mtoto atasoma wapi na nani atamtunza akiumia goti. Anayetaka pesa kwanza na maswali baadaye, mwacheni apite.

Kwa makocha wa kujitolea: kazi yenu ndiyo inayofanana na ile ya San Antonio. Timu yenu ikipoteza mashindano kwa sababu mmewapa nafasi watoto wa miaka 13, mwaka hamkuupoteza. Ikishinda kwa kumtumia mtu mzima aliyepunguza umri, mmefanya kama Phoenix ya 2023.

Kwa wakimbizi na wenyeji kwa pamoja: uwanja mmoja wenye ringi mbili hautoi wachezaji wa NBA kila mwaka, na pengine hautatoa hata mmoja. Lakini ni mahali ambapo watoto wa pande zote mbili wanafahamiana kwa majina, na ni rahisi kuutunza pamoja kuliko kugombania. Wavu ukikatika, usisubiri shirika. Funga kamba.

Na kwa vijana mnaoamka kuangalia matokeo: endeleeni kuangalia. Siku jina lake litakapokuwa na sifuri mbele yake, kumbukeni pointi 6.8 za Giannis, na vipigo 60 vya timu ya Wembanyama. Kisha fungeni simu, muwahi shule, na jioni muende uwanjani.